Pochi ya mamilioni: fundi anaangalia nini?

Mteja mmoja aliniwekea pochi mezani, akainama na kuniambia kwa sauti ya chini, "Fundi, hii si feki. Risiti ninayo." Nikaingiza mkono ndani. Bitana ikaninata vidoleni kama sukari guru iliyoachwa juani, na nilipoutoa mkono, ukatoka na vipande vyeusi.

Ilikuwa halisi kweli, ya kampuni kubwa ambayo sitaitaja. Ilikuwa imekaa kabatini miaka sita, ikitolewa kwa harusi tu. Bitana yake ilikuwa ya poliyurethani, plastiki ambayo unyevu wa hewa huivunja taratibu hata isipoguswa. Kwa hewa yetu ya Dar es Salaam, kuitunza kabatini si kuiokoa. Hakuna mafuta wala dawa ya kuirudisha, inang'olewa yote.

Nakarabati pochi na mikanda kila siku, na swali ninaloulizwa zaidi ni kama hizi za majina makubwa zina thamani ya pesa yake. Najibu kwa kugeuza pochi ndani nje. Jina halinisaidii. Nataka kujua imetengenezwa kwa nini, imeshonwaje, na je, ikiharibika fundi anaweza kuifungua?

Tuanze na malighafi. Ile Louis Vuitton ya kahawia yenye herufi na maua, mchoro uliotoka mwaka 1896, wengi huapa kwamba ni ngozi. Mwili wake ni turubai la pamba lililopakwa plastiki. Ni turubai imara sana, haliogopi mvua, na nimeona la miaka mingi likiwa bado zima. Ngozi iko kwenye mikono na kingo, nayo ni ngozi isiyopakwa rangi, hivyo jasho na jua huipiga weusi upesi. Sisemi usinunue. Nasema ujue kwamba mamilioni yako yamenunua turubai zuri.

Mshono ndio mahali ninapopenda kukaa. Hermès walianza Paris mwaka 1837 wakitengeneza hatamu na vifaa vya farasi, na mshono wao mpaka leo ni ule wa matandiko ya farasi. Fundi anashika uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili, moja kila ncha. Anatoboa tundu, anapitisha sindano ya kulia, kisha ya kushoto katika tundu lilelile, anavuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Tundu linalofuata, hivyo hivyo. Uzi ukikatika sehemu moja, mishono ya jirani inabaki imeshika. Cherehani hufanya kazi nyingine: uzi wa juu na wa chini hunasana katikati ya ngozi, na mmoja ukikatika, mshono unaanza kuachia. Mimi mkono mmoja wa pochi kwa sindano mbili hunichukua asubuhi nzima, na mabega yanauma.

Kwa hiyo siwezi kuuita wizi mshono wa namna hiyo. Watu wa pwani tunalijua hili tangu zamani: kofia ya Lamu au Zanzibar iliyotariziwa kwa mkono, ile ya vitundu vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja, hakuna anayeshangaa ikiuzwa mara nyingi zaidi ya ile ya mashine.

Lakini kazi ya mkono ina kikomo cha bei. Pochi maarufu ya Chanel yenye mfuniko na mkufu sasa inapita dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20. Hakuna ngozi ya kondoo wala saa za fundi zinazofika huko. Mwaka 2024 mahakama ya Milan iliiweka chini ya usimamizi kampuni tanzu ya Dior nchini Italia kwa sababu ya hali za wafanyakazi wa wakandarasi wake. Usimamizi huo uliondolewa mwaka uliofuata. Katika nyaraka za uchunguzi, pochi iliyouzwa dukani yuro 2,600 mkandarasi alilipwa yuro 53 kuiunganisha, ngozi haimo humo. Nilipoisoma habari hiyo iliniuma kama fundi. Yule aliyeshika sindano ndiye aliyepata kidogo kuliko wote.

Miwani ya jua ya majina haya makubwa sitaizungumzia sana. Kampuni moja, EssilorLuxottica, inamiliki Ray-Ban na pia hutengeneza miwani ya Prada na Chanel kwa leseni. Tafuta kioo kinachozuia mionzi ya jua inayodhuru macho, basi.

Ukiwa dukani, au Kariakoo kwa fundi wa kwetu, pinda ukingo wa ngozi. Kama ni tabaka la plastiki juu ya kitambaa, utauona weupe wa nyuzi. Vuta bitana: ikitoka nje kidogo, siku moja itabadilishika, ikiwa imegandishwa kwa gundi kote, ukarabati utakuwa mateso. Fungua zipu mara kumi. Pochi ya ngozi nzima ya shilingi 150,000 inayofaulu majaribio hayo, mimi nitaichukua kabla ya nyingi zenye risiti ya Ulaya.

Ile pochi ya mteja wangu niliikwangua siku mbili, nikaiwekea bitana ya pamba. Alipokuja kuichukua hakuangalia nembo. Aliingiza mkono kwanza.