RX-8 iliyotumika: maneno ya kijiweni na hali halisi ya injini ya rota

Tangaza tu kwamba unatafuta Mazda RX-8 ya kwendea kazini kila siku, utapata washauri kabla hujapata gari. Mmoja atakwambia ni cc 1300, chukua, mafuta hayatakusumbua. Mwingine ataapa kwamba injini ile haifiki kilomita laki moja. Wa tatu ana shemeji yake aliyewahi kuwa nayo. RX-8 haina pistoni, ina injini ya rota: kipande cha pembetatu kinachozunguka ndani ya chumba. Wote watatu wanaipima kwa vipimo vya injini ya pistoni, na hapo ndipo maneno yanapoanza kupinda.

RX-8 ilitengenezwa Hiroshima kuanzia 2003 hadi 2012. Wazo la injini ya rota ni la Mjerumani Felix Wankel, kampuni ya NSU ikaiwasha ya kwanza mwaka 1957, na Mazda ndiyo iliyoing'ang'ania wengine walipochoka. Kenya haipokei tena magari yaliyozidi miaka 8, kwa hiyo RX-8 yoyote utakayoiona inauzwa Nairobi imeshazunguka barabara za huko. Tanzania bado unaweza kuagiza, ila utalipa ushuru wa uchakavu. Kwa vyovyote vile unanunua gari lenye umri, na umri kwenye injini hii una maana yake.

"Ni cc 1300, inakunywa kama Vitz"

Hili ndilo kosa la gharama kubwa kuliko yote, na linaanzia kwenye kadi ya gari. Kadi inasema 1308, na haisemi uongo. Kuna rota mbili, kila moja na chumba cha cc 654. Tatizo ni namna ya kuhesabu.

Rota ina pembe tatu, kwa hiyo ina pande tatu za kufanyia kazi. Inapozunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu. Maana yake kila mzunguko mmoja wa shafti, kila rota inalipua mara moja. Injini ya RX-8 inavuta mchanganyiko wa cc 1308 kwa kila mzunguko. Injini ya Vitz ya 1300, yenye pistoni na mapigo manne, inahitaji mizunguko miwili kuvuta kiasi hichohicho. Kwa hewa inayopita ndani, RX-8 ni jirani wa injini ya cc 2600. Serikali ya Japani yenyewe haikudanganyika: kwa kodi ya mwaka, ujazo wa rota unazidishwa kwa 1.5, inakuwa 1962, na gari linalipa pamoja na yale ya lita mbili.

Halafu kuna umbo la chumba. Ni chembamba, kirefu, na kinahama wakati moto unawaka. Moto haufiki kwenye kona zote, joto linapotelea kwenye kuta, na sehemu ya petroli inatoka bila kuungua. Kwa kipimo rasmi cha Japani, ile ya gia sita za mkono ilipewa kilomita 9.4 kwa lita, na vipimo rasmi huwa na huruma. Marekani walipokokotoa kwa njia yao ya karibu na maisha, wastani ukawa kama kilomita 7.6. Kwenye foleni ya kutoka Mbezi kwenda Posta asubuhi, usishangae ikishuka chini ya 6. Piga hesabu kwa bei ya petroli ya leo kabla hujampigia dalali.

"Inakula oili, hiyo injini imeisha"

Kwenye injini ya pistoni, fundi akisema gari linakula oili unajua ringi zimekwisha. Kwenye rota, oili inaliwa kwa makusudi. Kuna pampu ndogo inayodondoshea oili ya injini ndani ya vyumba ili kulainisha sili za ncha, vipande vyembamba vilivyopachikwa kwenye kila ncha ya rota. Vinasugua ukuta muda wote injini inapowaka, na bila oili hiyo vinajila vyenyewe na kuula ukuta.

Kwa hiyo muuzaji anayejisifu kwamba gari "halijawahi kuongezwa oili kati ya sevisi na sevisi" anakutisha bila kujua. Ama pampu imekufa, ama amekuwa akiendesha na kiwango kilichoshuka. Vuta kijiti cha oili mwenyewe kila unapojaza tanki, na weka kopo la lita moja kwenye buti. Toleo lililofanyiwa mabadiliko, lililoanza kuuzwa Japani 2008, lina njia tatu za oili kwa kila rota badala ya mbili. Kama bajeti inaruhusu, hilo ndilo la kutafuta.

"Lilikuwa la mzee, aliliendesha taratibu"

Kwa Corolla, hiyo ni sifa. Kwa RX-8, uliza maswali zaidi.

Injini inayochoma oili na kuacha petroli nyingine bila kuungua inatengeneza masizi. Ikiendeshwa taratibu siku zote, safari fupifupi, masizi yanajaa kwenye mifereji ya sili na sili zinanata. Injini hii inataka ipate joto kamili, kisha ipandishwe mizunguko ya juu mara kwa mara. Kwenye toleo la gia sita za mkono mstari mwekundu uko 9000. Namba hiyo inatisha watu bure: 9000 ni ya shafti, rota yenyewe inazunguka 3000. Kinachoua ni kuikanyaga ikiwa baridi.

Na kuna jambo la kuwasha na kuzima. Fikiria gari limelala usiku kucha. Asubuhi kijana wa kuosha magari analiwasha, analisogeza mita tano hadi kwenye bomba la maji, analizima. Mwenye gari anakuja saa moja baadaye, anapiga stata: inazunguka, inazunguka, haishiki. Harufu ya petroli imejaa. Injini baridi ilimwagiwa petroli nyingi, petroli ikasafisha oili kwenye sili, mgandamizo (nguvu ya injini kubana hewa ndani ya chumba) ukaanguka, na plagi zote nne zimelowa. Hakuna kilichovunjika. Unakanyaga pedali ya mafuta hadi chini, ambapo kompyuta inakata petroli, na unapiga stata kwa vipindi vifupi hadi ikohoe. Ikigoma, plagi zitolewe zikaushwe. Betri dhaifu au stata iliyochoka inageuza kero hii kuwa safari ya kuvutwa hadi gereji, ambako utakuta fundi ameshaanza kulaumu pampu ya petroli.

Ukishaiwasha RX-8, iache ipate joto ndipo uizime. Na ufunguo usimpe kila mtu.

"Kilomita chache ndiyo usalama wako"

Kilomita kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma, na hata zikiwa za kweli hazikuambii hali ya sili. RX-8 yenye kilomita 120,000 na risiti za injini iliyofunguliwa na kufungwa vizuri ninaipenda kuliko yenye 60,000 na hadithi. Kinachosema ukweli ni kipimo cha mgandamizo, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa, tena na fundi mwenye nia njema.

Geji ya kawaida ya gereji ina vavu ndogo inayoshikilia mgandamizo mkubwa kuliko yote. Kwenye silinda hiyo ni sawa, chumba ni kimoja. Ukiifunga kwenye rota yenye vyumba vitatu, inakuonyesha kile kizima na kuvificha viwili vinavyovuja. Kinachotakiwa ni kipimo cha rota, kinachosoma pande zote tatu na kasi ya stata kwa pamoja. Hata hivyo, fundi mwenye akili anaweza kuitoa ile vavu kwenye geji yake, akakata petroli, akakanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na kupiga stata huku akiangalia sindano. Iruke mara tatu, mara tatu, kwa kimo kimoja. Mruko mmoja ukiwa mfupi kuliko wenzake, shuku sili ya ubavu, ile inayoziba upande wa rota. Miwili ikiwa mifupi kwenye rota moja, shuku sili ya ncha, kwa sababu kila ncha inatenganisha vyumba viwili na ikivuja inaviumiza vyote.

Kwa namba: injini mpya inatoa kama kPa 830, yaani psi 120, stata ikizungusha mizunguko 250 kwa dakika. Mwisho unaokubalika na Mazda ni kPa 680, kama psi 99. Vyumba vya rota moja visitofautiane kwa zaidi ya kPa 150, wala rota na rota kwa zaidi ya 100.

Kuna mtego mwingine ambao matangazo ya mtandaoni hayautaji. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Mbeya au Nairobi, mita 1,700 hivi kwenda juu, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18. Injini inayosoma 830 Dar es Salaam itasoma kama 680 huko juu, na mtu asiyejua ataihukumu kifo. Na kinyume chake: stata mpya yenye kasi inapandisha namba, na muuzaji mjanja anaweza kufunga stata mpya badala ya kufungua injini. Uliza vipimo vilichukuliwa wapi na stata ilizunguka kwa kasi gani.

Huna kipimo wala fundi wa rota karibu? Endesha gari dakika 20 hadi lipate moto kweli, lizime, subiri dakika kama tano, uliwashe. Injini nzima inashika mara moja. Iliyochoka inawaka vizuri asubuhi ikiwa baridi na kusuasua ikiwa ya moto. Kwa hiyo muuzaji anayesisitiza mkutane saa moja asubuhi na kuzima gari kabla halijapata moto, mwambie utarudi mchana.

"Rota haifiki kilomita laki moja"

Nyingine hazikufika. Mazda Marekani iliongeza dhamana ya injini kwa RX-8 za miaka ya mwanzo hadi miaka 8 au maili 100,000, yaani kilomita 160,000 hivi, na kampuni haiongezi dhamana bila sababu. Lakini nyingi huuawa na vitu vidogo. Koili za plagi ni nne na huchoka mapema. Koili ikifa, petroli isiyoungua inaenda kuungulia kwenye masega ya ekzozi (kichujio cha moshi, catalytic converter), masega yanayeyuka na kuziba, joto linarudi kwenye injini, sili zinakufa. Mwenye gari anasema rota ni mbovu, wakati mnyororo ulianza na koili.

Joto la maji nalo lina hila yake. Sindano ya dashibodi imepangwa ikae katikati muda mrefu hata joto linapopanda. Ukiiona imesogea, umeshachelewa. Kwa miji yetu ya joto, geji ya ziada ya maji ni ununuzi wa wiki ya kwanza.

Kuhusu Le Mans 1991, mbio za Ufaransa ambazo watu husema zilifanya rota ifungiwe: ndiyo, Mazda 787B ya rota nne ilishinda mbio za saa 24, ya kwanza kwa kampuni ya Japani. Hapana, rota haikufungiwa kwa sababu ilishinda. Kanuni za injini za lita 3.5 zilikuwa zimeshapangwa kabla ya mbio hizo. Na gari linalofunguliwa injini baada ya kila shindano halikuambii lolote kuhusu lako.

"Haina vavu wala taimingi belti, kwa hiyo sevisi ni rahisi"

Vipande vikubwa vinavyozunguka ni vitatu tu, rota mbili na shafti. Lakini kuifungua unahitaji sili za kuagiza, mtu wa kupima uchakavu wa kuta, na mkono uliozoea. Fundi bora wa Toyota mtaani kwako anaweza kuwa hajawahi kuiona moja imefunguliwa. Mtafute fundi kwanza, gari baadaye.

"Gari la spoti halifai kila siku"

Hapa RX-8 inasingiziwa. Ina viti vinne ambavyo watu wazima wanakaa, buti la kutosha soko la wiki, na milango midogo ya nyuma inayofunguka kinyume. Kero ni kwamba ya nyuma haifunguki mpaka ya mbele ifunguliwe, jambo ambalo watoto wa shule hawalitaki asubuhi. Uwiano wa uzito mbele na nyuma ni karibu nusu kwa nusu na sukani yake ni tamu. Nguvu ya chini ni ndogo, kwa hiyo kuovateki lori mlimani Kitonga utashusha gia.

Matuta ndiyo adui. Vipoza oili vimekaa chini kwenye kona za bampa la mbele. Vichungulie kwa tochi kabla ya kununua, kwani jiwe moja au tuta lisilo na rangi linatosha kumwaga oili yote.

"Ikifa nitapachika injini ya Toyota"

Wengi wamefanya, na baadhi wamefanya vizuri. Ila ile injini ndogo imekaa nyuma ya ekseli ya mbele, na ndiyo sababu gari linakata kona vile. Ukipachika chuma kizito mbele, uwiano ule umekwenda. Dashibodi, umeme na sukani ya umeme vinataka kuzungumza na kompyuta ya Mazda, na hapo kazi ya "wiki mbili" inakula miezi. Na kadi ina namba ya injini: badiliko lazima lifike TRA na kwa bima yako. Ukikuta RX-8 yenye injini ya pistoni huku kadi bado inasoma 1308, mwambie muuzaji arekebishe usajili kabla hujatoa hata shilingi ya kishika nafasi.