Jiwe la Kuunyamazisha Moyo

Ninapoeleza hirizi za Misri ya kale, wasikilizaji huuliza kwanza kuhusu maumbo yake, ilhali mimi hupenda kuanza na jiwe, kwa sababu rangi yake ilikuwa sehemu ya kinga yenyewe. Fundo la Isis lilitakiwa kuchongwa kwa yaspi nyekundu, kwa kuwa maneno yake yanataja damu ya mungu huyo. Hirizi ya bua la mafunjo ilitaka jiwe la kijani, rangi ya mmea unaochipua.

Iliyonishughulisha zaidi ni hirizi ya mbawakawa wa moyo. Wamisri walimtazama mdudu huyu akibingirisha donge la samadi, wakamfananisha na mungu Khepri anayelisukuma jua alfajiri, na sanamu yake, kwa kawaida ya jiwe la kijani au jeusi, iliwekwa kifuani mwa maiti. Hirizi nyingine zilimkinga mtu na nyoka au adui, lakini hii ilimkinga na moyo wake mwenyewe. Moyo ndio uliokuwa makao ya akili na kumbukumbu, na siku ya hukumu mbele ya Osiris, mungu wa wafu, ulipimwa kwenye mizani pamoja na unyoya wa Maat, mungu wa ukweli na haki. Ungeweza, basi, kutoboa siri zote. Maneno yaliyochorwa tumboni mwa mbawakawa, yanayojulikana kama fungu la 30B la Kitabu cha Wafu, mkusanyo wa maneno ya kumkinga marehemu, yanausihi moyo usisimame kutoa ushahidi dhidi ya mwenye moyo. Kwa Kiswahili tungesema: usimsute. (Mtu wa pwani aliyezoea hirizi ya maandishi iliyoshonewa ngozini hahitaji kuelezwa kwa nini jiwe tupu halikutosha.)

Yaspi na akiki ni ngumu kuliko shaba, kwa hiyo chombo cha shaba pekee hakikufua dafu. Fundi alizungusha keekee kwa uta huku akitia mchanga mgumu, na mchanga ndio uliokula jiwe polepole. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa mfalme, kule Thebes, wamechorwa watoboa shanga wanaoendesha keekee kadhaa kwa uta mmoja.

Mbawakawa wa mfalme Sobekemsaf, aliyehifadhiwa London, ni wa yaspi ya kijani, ana uso wa binadamu na amepachikwa kwenye kitako cha dhahabu. Wengine walichongwa kabla mnunuzi hajajulikana, pakaachwa nafasi ya jina, na wako waliozikwa nafasi hiyo ikiwa bado tupu.