Upepo wa ubavu kwa ndege ndogo: yanayosemwa Kisumu na ukweli wake

Ikikaribia adhuhuri, upepo wa ziwa huanza kuingia Kisumu kutoka Ghuba ya Winam. Aliyejiundia ndege yake ya viti viwili na kutua saa tisa alasiri huku ikiyumba, jioni atasema neno moja tu: upepo. Neno hilo halimfundishi kitu. Na lawama hizo mara nyingi hutokana na mambo yanayoaminika bila kupimwa.

"Upepo wa noti 16 ni upepo wa ubavu wa noti 16."
Noti ni maili moja ya baharini kwa saa, na upepo wa ubavu ni ule unaokatisha njia kutoka kando. Kiasi chake kinategemea pembe. Njia ya kurukia ya Kisumu ni 06/24, maana yake ukitua kuelekea kusini-magharibi dira husoma karibu digrii 240. Upepo ukitoka magharibi, digrii 270, unakukuta kwa pembe ya 30, na sehemu yake inayokukatisha ni nusu: noti 8. Watu hukosea hapa kwa kudhani kwamba 30 ni theluthi ya 90, basi ubavu nao ni theluthi. Sivyo. Kwa pembe ya 45 sehemu hiyo ni noti 11 na kitu, na kwa 60 inakaribia 14. Upepo ukigeuka kidogo tu, kazi ya miguu yako kwenye kanyagio za usukani wa mkia hubadilika sana. Tena wingu la mvua likimwaga kutoka upande wa Nandi, upepo wake baridi unaweza kukujia mgongoni wakati ulikuwa umejipanga kwa ule wa ziwa.

"Upepo huipiga ndege ubavuni njia nzima."
Ikiwa hewani, ndege husafiri ndani ya hewa inayosogea, na upepo usiobadilika hauigongi popote. Mvuvi anayevuka mkondo huelekeza omo ya mtumbwi juu kidogo ya pale anapotaka kufika. Rubani naye huelekeza pua upande wa upepo na kwenda mshazari akiwa ametulia kabisa. Shida huanza ardhini, kwa sababu magurudumu yanataka kubingirika kule yanakotazama. Ndiyo maana kabla ya kugusa unanyoosha pua kwa usukani wa mkia na kuinamisha bawa la upande wa upepo, ili gurudumu la upande huo litangulie kugusa. Kuna ndege moja ya Marekani, Ercoupe, iliyoundwa bila kanyagio za usukani wa mkia. Ilitua mshazari hivyo hivyo, ikajinyoosha yenyewe kwenye lami. Iliweza kwa sababu ina gurudumu la pua na miguu imara. Usijaribu hilo na ndege ya gurudumu la mkia, yaani yenye gurudumu dogo mkiani badala ya puani.

"Namba ya kitabuni ndiyo mwisho."
Kitabu cha Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, hutaja noti 15, lakini huo ni upepo ambao ndege ilionyeshwa kuumudu wakati wa majaribio. Haina maana kwamba kwenye 16 itapinduka, wala kwamba wewe utaimudu kwenye 14. Kwa ndege ya kujiundia namba hiyo ni tete zaidi. Kiwanda kilichokuuzia vipande kilijaribu ndege yao. Waya wa usukani ukiufunga vibaya kidogo, usukani haufiki mwisho wake, na uwezo uliosomwa kwenye karatasi haupo tena. Ndege kama hiyo namba yake hutafutwa taratibu, noti chache kwa wakati, ukiwa na mwalimu anayeijua aina hiyo.

"Ongeza mwendo, utakuwa salama."
Kidogo, ndiyo. Desturi ya marubani ni kuongeza nusu ya tofauti kati ya upepo wa kawaida na mipigo yake ya ghafla: upepo wa noti 12 unaoruka hadi 20 unakupa noti 4 za kuongeza. Zaidi ya hapo ndege itaelea juu ya njia, na kila sekunde ya kuelea ni nafasi nyingine ya kusukumwa kando. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na joto likifika digrii 30 hewa hiyo huwa nyepesi kama ya karibu mita 2,000. Kipimo cha mwendo cha ndege kikisoma noti 60, mwendo wa kweli hewani ni kama 66. Breki zitalipa tofauti hiyo.

"Ukishagusa, umemaliza."
Hii ndiyo inayovunja ndege. Kwenye ndege ya gurudumu la mkia, uzito umekaa nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo mkia ukianza kupita kando hujiongezea wenyewe mpaka ndege izunguke na bawa kukwaruza chini. Kadiri mwendo unavyopungua, usukani hupoteza nguvu huku upepo ukiwa ule ule. Kwa hiyo fimbo inayoinamisha mabawa haiachwi katikati: huendelea kulazwa upande wa upepo mpaka ifike mwisho, na miguu haipumziki hadi injini izimwe. Ukitaka kujifunza kutokana na kutua kubaya, acha kuandika "upepo mkali" kwenye daftari. Andika gurudumu gani liligusa kwanza, soksi ya upepo (mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo uwanjani) ilielekea wapi, na miguu yako ilikuwa inafanya nini baada ya kugusa. Swali hilo la mwisho ndilo gumu kujibu, kwani wengi hawakumbuki.

"Kupaa tena ni aibu."
Hapana. Kanyagio likifika mwisho na pua bado haijanyooka kwenye mstari, ndege imeshakwambia kwamba upepo umeizidi. Ongeza nguvu, paa, tafuta njia iliyoelekea upepo. Mafuta ya kufika huko yahesabiwe kabla ya kuondoka, na kama huko ni Eldoret, kwenye takriban mita 2,100, hesabu ya mwendo wa kweli ifanywe upya.