Mmisionari asiye na kiwanja

Kwetu misheni ni mahali. Ni kilima chenye mnara wa kengele, zahanati, shule ya bweni, mikaratusi iliyopandwa kwa mstari na nyumba ya mapadre yenye baraza pana. Ndiyo maana wanafunzi wangu wa historia ya misheni wakifika kwenye mada ya Urusi hukwama. Wanauliza: hao wamisionari walijenga wapi? Wengi wao hawakujenga. Walipanga.

Familia ya Kimarekani, ya Kikorea au ya Kijerumani iliyohamia Urusi miaka ya 1990 ili kuhubiri mara nyingi ilipata vyumba viwili kwenye ghorofa ya nne au ya tano ya jengo la enzi za Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, lisilo na lifti, lenye jiko ambalo watu watatu wakiingia wa nne anasubiri mlangoni. Humo ndimo watoto walimolala, mama alimofundishia, baba alimoandalia mahubiri, na jioni za katikati ya wiki viti vya kuazima vilipangwa sebuleni kwa ajili ya kusoma Biblia. Mimi nilisoma huko, na kwa kuwa Kirusi kilinikaa mdomoni mapema, nilitumiwa sana kama mkalimani wa wageni kanisani. Nilichokiona ni kwamba kule nyumba ya mmisionari na huduma yake havitenganishiki, na hapo hapo ndipo sheria ilipokuja kumbana.

Kanisa la sebuleni lina historia ndefu kule. Mwaka 1874 Lord Radstock, Mwingereza, alianza kuhubiri Saint Petersburg kwenye kumbi za nyumba za watu wa tabaka la juu. Kanali Vasily Pashkov aliokoka kwa njia hiyo, akafungua nyumba yake kwa mikutano, na mwaka 1884 akafukuzwa nchini. Wasovieti nao, kwa sheria ya 1929, waliruhusu ibada ndani ya jengo lililosajiliwa na karibu hakuna kingine: hakuna kusaidia maskini, hakuna vikundi vya akina mama wala vijana. Wabaptisti waliokataa masharti ya usajili walikusanyika majumbani na msituni, na wengi walifungwa. Kwa hiyo bibi wa Kirusi aliyeokoka miaka hiyo analijua kanisa la sebuleni kuliko mmisionari yeyote aliyetua Moscow na gitaa lake.

Mwaka 1990 ilipitishwa sheria mpya ya uhuru wa dini, na watu wakamiminika. Novemba 1992 Wizara ya Elimu ya Urusi ilisaini makubaliano na muungano wa mashirika ya kimisionari ya Kimarekani ulioitwa CoMission, ili walimu wa shule za serikali waandaliwe kufundisha maadili ya Kikristo. Shule zile zile, miaka michache nyuma, zilikuwa zinafundisha kwamba hakuna Mungu. Fungate hiyo haikudumu. Sheria ya 1997 ilitambua katika dibaji yake nafasi ya pekee ya Uorthodoksi katika historia ya nchi, na kundi jipya lililotaka usajili kamili likatakiwa kuthibitisha kwamba limekuwepo kwa miaka 15. Kwa familia iliyofika juzi na waumini wanane, miaka 15 ni mtoto kuzaliwa hadi kuingia sekondari.

Kisha Julai 20, 2016 zikaanza kutumika sheria zinazojulikana kwa jina la mbunge Irina Yarovaya. Zililetwa kama sheria za kupambana na ugaidi, lakini ndani yake mlikuwa na vifungu kuhusu kazi ya kimisionari. Watu wengi, hata wachungaji wanaojua mambo, husema kwamba sheria hiyo ilipiga marufuku ibada za nyumbani. Sivyo. Ibada nyumbani inaruhusiwa. Kinachokatazwa kwenye makazi ya watu ni kazi ya kimisionari, yaani kueneza imani kwa watu wasio wa kundi lenu kwa lengo la kuwavuta wawe wenu. Sasa chukua Jumapili ya kawaida. Waumini sita wanaimba sebuleni: hiyo ni ibada. Jirani wa ghorofa ya chini anagonga kuuliza chumvi, anakaribishwa chai, anakaa kusikiliza. Polisi akiingia dakika hiyo, anaona ibada au anaona umisionari? Mpaka uko kwenye kikombe cha chai cha jirani, na wa kuuchora ni polisi na hakimu.

Kesi ya Oryol inaonyesha inavyokuwa. Don Ossewaarde, Mbaptisti kutoka Marekani, alikuwa akifanya ibada nyumbani kwake na mkewe. Agosti 14, 2016, chini ya mwezi mmoja tangu sheria ianze, polisi watatu walifika Jumapili wakati wa ibada, wakasubiri hadi mwisho, kisha wakamchukua. Alitozwa faini ya rubli 40,000. Miongoni mwa makosa yake yalikuwa matangazo aliyobandika kwenye mbao za matangazo za majengo ya jirani, na kutoiarifu serikali kwa maandishi kwamba ameanzisha kikundi cha dini. Machi 2023 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki zake zilivunjwa. Uamuzi mzuri, ila Urusi ilikuwa imeshatoka kwenye mkataba wa mahakama hiyo tangu Septemba 2022.

Kwa mgeni faini ni kati ya rubli 30,000 na 50,000, na hakimu anaweza kuongeza amri ya kufukuzwa nchini. Faini unaweza kuchangiwa na ushirika. Kufukuzwa ndiko kunakovunja nyumba. Mwishoni mwa 2016, huko Naberezhnye Chelny, amri kama hiyo ilimkuta mchungaji wa Kipentekoste, raia wa India, mwenye mke Mrusi na mtoto mdogo. Na wanafunzi wa Kiafrika wasidhani hayo ni ya wachungaji tu: mwaka uliofuata mwanafunzi wa udaktari kutoka Zimbabwe alishtakiwa Nizhny Novgorod kwa kuwaalika watu kwenye mkutano wa dini kupitia mtandao wa kijamii.

Anayehubiri kwa niaba ya kanisa hutakiwa kuwa na karatasi ya kanisa hilo inayomruhusu, na kwa mgeni karatasi hiyo haivuki mipaka ya eneo ambalo kanisa limesajiliwa. Leo una haki, kesho ukipanda treni kwenda mkoa jirani huna. Vitabu vinavyogawiwa lazima vigongwe jina rasmi na kamili la kanisa. Vladivostok, Desemba 2016, mahakama iliamuru Biblia za Jeshi la Wokovu ziharibiwe kwa sababu hazikuwa na chapa hiyo. Amri ikatenguliwa wiki chache baadaye. Nimewahi kukaa na akina mama wa kanisa jioni nzima tukigonga mihuri kwenye vijitabu vya watoto, mmoja akigonga, mwingine akipuliza wino ukauke. Sioni kwa nini nisiite hiyo huduma.

Viza nazo zilikuwa zimeanza kuyumbisha familia kabla ya hapo. Tangu Oktoba 2007, mwenye viza ya kuingia na kutoka mara nyingi haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Fikiria mtoto aliyeanza darasa la kwanza Septemba 1, amempelekea mwalimu maua kama wenzake wote, halafu kabla ya muhula wa kwanza kuisha anaambiwa tunaondoka miezi mitatu. Baadhi ya familia zilijitahidi kupata kibali cha kuishi, ambacho tangu 2015 kina mtihani wa lugha, historia na sheria za Urusi. Nyingine ziligawanyika, baba huku, mama na watoto kule. Nyingine zilifungasha. Kwa maoni yangu kanuni hiyo kavu ya viza, isiyotaja dini popote, ilipunguza wamisionari kimyakimya kabla polisi hawajaanza kugonga milango.

Tusiseme maisha yao yalikuwa mashtaka matupu. Watoto wao walikishika Kirusi haraka na kuanza kumsahihisha baba mezani, jambo ambalo lilimsaidia kuliko mwalimu wa kulipwa. Mama alijifunza kwamba bibi yeyote barabarani ana mamlaka kamili juu ya mwanao: mtoto akitoka bila kofia mwezi Oktoba, mtu asiyekujua atamsimamisha, amvute kola, halafu akugeukie wewe na kukusomea. Walijifunza kuvua viatu mlangoni na kuvaa ndara za nyumbani, kutopeana mikono kizingitini, kununua maua kwa idadi ya witiri kwa sababu ya shufwa ni ya msibani. Na walijifunza kuvumilia zile wiki za vuli ambapo nje baridi imeingia na ndani hakuna joto, maana mitambo ya kupasha joto huwashwa na mji mzima kwa pamoja, kwa kawaida baada ya wastani wa joto kushuka chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo. Wiki hizo ibada ya nyumbani hufanyika na makoti mwilini.

Kanisani je? Nazungumzia Wabaptisti, ndio niliowazoea. Hapo makoti huachwa kwenye chumba chake karibu na mlango. Kuingia nalo ukumbini ni kama unaaga. Wanawake walioolewa wamefunga vitambaa. Hakuna mhubiri mmoja: kuna mahubiri mawili au matatu ya ndugu tofauti, na katikati yake kwaya, shairi ambalo binti wa shule analighani kwa kichwa, na maombi ambayo yeyote anaweza kuyaanza kwa sauti, mkutano ukiwa umesimama au umepiga magoti. Saa mbili hupita. Kabla ya kufunga, mzee anayeongoza anauliza kama kuna wageni. Mgeni anasimama, anataja ushirika alikotoka na kusema amebeba salamu zao. Ukumbi mzima unazipokea kwa sauti moja. Kisha mzee anawauliza waumini kama nao wanatuma salamu, na wote wanaitikia. Mara ya kwanza nilipoisikia hiyo nilicheka peke yangu. Ningefumba macho ningedhani niko Iringa, matangazo yamefika.

Meza ya Bwana kwa kawaida ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Vuli kuna sikukuu ya mavuno, madhabahu yakijaa maboga, kabichi, mikate na mitungi ya matango yaliyotiwa chumvi kutoka bustani za waumini. Bustani hizo zina ubaya wake: kuanzia Mei mahudhurio hushuka, kwa sababu wikendi watu wako shambani nje ya mji. Mmisionari mgeni akiona viti vitupu mwezi Juni hudhani kanisa limegawanyika.

Hapo ndipo wengi waliteleza. Mhubiri aliyezoea kuwachangamsha watu alipanda mimbarani mkono mmoja mfukoni, akaanza na kichekesho. Nilikuwa natafsiri, na niliwaona wazee wa mstari wa mbele wakitazama chini. Kwa watu ambao baba zao walifungwa kwa sababu ya mimbari hiyo, kichekesho hakikuwa na pa kukaa. Waliodumu ni wale waliokubali kuwa washirika wa kawaida wa kanisa la Warusi, chini ya mchungaji Mrusi, wakikaa mwaka au zaidi bila kuhubiri, wakiosha vikombe baada ya ibada na kusaidia kwenye vituo vya kuwatoa watu kwenye ulevi na dawa za kulevya, kazi ambayo Waprotestanti wa Urusi wanaifanya kwa bidii sana. Waliofika na jina la kanisa lao tayari kwenye bango waliishia kuwa na waumini wa kukodi, na msaada wa nje ulipokatika waumini nao wakakatika.

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, ilimaliza yaliyobaki. Ndege za moja kwa moja kutoka nchi nyingi za Ulaya na kutoka Marekani zilisimama, na Machi kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje zikaacha kufanya kazi ndani ya Urusi. Familia inayoishi kwa michango ya makanisa ya nyumbani haiwezi kukaa mahali ambapo mchango haufiki. Wakati huo huo upepo ulivuma upande wa pili: Desemba 29, 2021 Patriarki ya Moscow ilikuwa imeanzisha eksarkati yake ya Afrika, yaani jimbo lake la kanisa huku, na mapadre wa Kiorthodoksi nchini Kenya ni miongoni mwa waliohamia kwake kutoka Patriarki ya Aleksandria. Hiyo inahitaji makala yake.

Bado makanisa ya huku huniandikia yakitaka kutuma familia Urusi, hasa kwa sababu ya wanafunzi wetu walioko vyuoni kule. Nawaeleza kwamba viza ya mwanafunzi haimruhusu mtu kufanya kazi ya uchungaji. Nawaeleza pia kwamba tangu Oktoba 2021 mtumishi wa dini aliyesomea nje lazima apitie kwanza mafunzo ndani ya Urusi. Kisha nauliza ni kanisa gani la Kirusi litakalosaini barua ya mwaliko na ile karatasi ya ruhusa. Wakinijibu kwamba watalitafuta wakishafika, nawaambia wasikate tiketi.