"Sawa kaka, lakini kazi yenyewe?"

Kwenye kikao cha harusi ya jirani yetu, Kimara Matangini, Dar es Salaam, kijana mmoja mgeni aliniuliza ninajishughulisha na nini. Nikamjibu: udalali, nyumba na viwanja. Akaitikia kwa adabu, akanyamaza kidogo, halafu akarudia: "Sawa kaka, lakini kazi yenyewe?"

Sikukasirika. Nimezaliwa Kimara, nimesomea Kimara, na huu ni mwaka wa kumi na mbili napangishia watu vyumba kuanzia Baruti mpaka Temboni. Maneno ya watu kuhusu dalali nayajua vizuri kuliko wao. Mengine ni uongo mtupu. Mengine yana ukweli ndani yake, na hayo sitayakimbia.

"Dalali anakula mwezi mzima bila jasho"

Tuchukue chumba master, chenye choo na bafu ndani, cha laki na nusu kwa mwezi pale Kimara Korogwe. Mpangaji anamlipa mwenye nyumba kodi ya miezi sita, laki tisa, halafu anatoa laki na nusu nyingine ya udalali. Akiihesabu inamuuma, na anaamini yote imeingia mfukoni mwangu. Haijaingia. Yeye mwenyewe aliletwa na dalali mwenzangu wa Sinza, maana ndivyo tunavyofanya: mmoja ana mteja, mwingine ana chumba. Nusu kwa nusu, elfu sabini na tano zimeondoka. Habari kwamba chumba kitakuwa wazi niliipata kwa mama muuza vitumbua wa pale kona, aliyemwona mpangaji wa zamani akifunga godoro kwa kamba. Huyo ana elfu kumi yake, na nisipompa, safari ijayo atamwambia dalali mwingine. Boda za siku tatu na vocha zimekula elfu kumi na tano. Nimebaki na hamsini.

Na hapo ni pale biashara imekubali. Kuna mteja unamzungusha vyumba saba, anakuaga vizuri, "nitakucheki kaka", kisha jioni anarudi kinyemela kwa mwenye nyumba wakamalizana wao wawili. Sisi tunasema umerukwa. Pa kushtaki sijapaona. Siku naanza kazi hii hakuna aliyeniuliza cheti wala leseni, na siku nadhulumiwa pia hakuna anayeniuliza.

"Hela ya kuzungushwa ni wizi"

Elfu kumi ya kumtembeza mteja. Hapa sitatetea ukoo. Wapo wenzetu wanaoishi kwa hiyo elfu kumi peke yake: anakuonyesha chumba kilicholipiwa tangu wiki iliyopita, anakupeleka kwenye kingine ambacho mwenyewe kasafiri na ufunguo, na jioni ameshakusanya za watu watano. Mimi pia naipokea, ila kabla hatujapanda boda nampigia mwenye nyumba mbele ya mteja, nimeweka spika. Dalali akikataa kupiga simu hiyo, rudi kwenu na elfu kumi yako.

"Madalali ndio wanaopandisha kodi"

Kodi anaipanga mwenye nyumba, na hiyo miezi sita ni mazoea yake, si sheria. Lakini ngoja nimalizie: udalali ukiwa ni kodi ya mwezi mmoja, kodi ikipanda na mimi napanda. Nimewahi kukaa sebuleni kwa mzee mmoja nikamwambia jirani yake kapangisha kwa laki mbili. Ilikuwa kweli. Ila hakuwa ameniuliza.

Kilichopandisha kodi za huku kuliko midomo yetu ni barabara. Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza, Kimara ndiyo ikawa mwisho wa njia, na mtu anayefanya kazi Kivukoni au Kariakoo akagundua kwamba anaweza kulala kwetu. Simu yangu ilibadilika mwaka ule. Wateja wakawa hawaulizi chumba kikoje, wanauliza kutembea mpaka kituoni ni muda gani. Halafu Februari 2021 ikafunguliwa stendi mpya ya mabasi ya mikoani Mbezi Luis, badala ya ile ya Ubungo. Mbezi ile ile ambayo nilikuwa nikiitaja wateja wananicheka ("huko si Kibaha?"), wakaanza kuiulizia wenyewe.

"Kimara ni milima tu, hakuna maji"

Milima ni kweli. Mavurunza, King'ong'o, Golani: nyumba unaiona kwa macho iko ng'ambo ile, kuifikia unashuka bonde na kupanda jingine. Ukisoma tangazo limeandikwa "dakika tano kutoka barabarani", uliza ni dakika za nini. Ni za boda, dereva awe mwenyeji, na mvua isiwe imenyesha.

Maji ni habari ndefu zaidi. Matangi makubwa yanayopokea maji ya Ruvu Juu yako Kimara, jina la Matangini halikudondoka kutoka mbinguni. Nimekua nikiyaona matangi yale kila asubuhi huku mama akinunua maji ya mkokoteni kwa dumu. Maji yalikuwa yanapita kwetu kwenda kwa wenzetu wa mjini. Mtambo wa Ruvu Juu ulioko Mlandizi ni wa mwaka 1959. Ulipokuja kupanuliwa katika miaka ya 2010, uwezo wake ukatoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196, na hapo bomba likaanza kuukumbuka mlima. Kwa hiyo mtu anayekwambia Kimara hakuna maji anasimulia Kimara ya mama yangu. Swali la leo ni jingine: yanatoka siku zipi, na simtanki ya mwenye nyumba ni ya lita ngapi? Mimi nikiingia kwenye chumba, kabla sijaangalia vigae nafungua bomba. Kisha naangalia LUKU. Mita moja ikiwa ya wapangaji sita, na mmoja wao ana friji, namwambia mteja ukweli mapema, maana ugomvi wa umeme humrudia aliyewakutanisha.

"Mtaa umegonga muhuri, kiwanja ni chako"

Hii ndiyo inayofilisi watu. Karatasi ya mauziano iliyoandikiwa ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wa pande zote mbili, picha za paspoti, muhuri juu: inaonyesha kwamba mliuziana. Haionyeshi kwamba muuzaji alikuwa na kitu cha kuuza. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na sisi tunapewa haki ya kuitumia kwa muda. Ndiyo maana hati inaandikwa miaka 33, 66 au 99. Kuna pia leseni ya makazi, ya miaka michache, kwa maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, na huku kwetu hayo ni mengi.

Kiwanja chenye hati unakifanyia upekuzi kwa msajili wa hati, unajua jina lililoko kwenye daftari na kama benki imekishikilia. Kisichopimwa hakina daftari la kupekua. Unabaki na majirani. Basi nawazungukia wa pande nne, mmoja mmoja, muuzaji akiwa hayupo. Bibi mmoja aliyekaa barazani miaka thelathini anajua mambo ambayo muhuri haujui: nani alirithi, nani alinyimwa, na kiwanja kimeuzwa mara ngapi.

Na usisahau mke. Nyumba ya Saranga, mzee amekuja na nyaraka zote, mnunuzi yuko tayari na mimi nimeshapiga hesabu ya changu mpaka na matumizi yake. Nikauliza mama yuko wapi. Kaenda Moshi, msibani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume kuuza nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mkewe, nikasema tumsubiri. Mnunuzi akanuna, mzee akanuna zaidi. Mama aliporudi, kumbe hakuwa amefiwa na mtu, wala habari ya kuuza nyumba hakuwa nayo. Msiba ulikuwepo kweli, ila ulikuwa wa kwangu.

"Kiwanja kinachotazama lami ni dhahabu"

Baba yangu aliliamini hili kuliko mtu yeyote. Alikuwa na fremu mbili za biashara pale Stop Over, moja ya vifaa vya umeme, nyingine aliipangisha saluni. Alikuwa akisema mtoto unaweza kumnyima shule lakini usimnyime fremu ya barabarani. Kwa bahati alitupa vyote.

Mwaka 2017 zikaja alama za X kwenye majengo ya kubomolewa. Watu wa Barabara ya Morogoro tunajua kuzisoma: ya kijani ina fidia, nyekundu haina. Zetu zilikuwa nyekundu. Wengi mtaani walikuwa wameshika mita 30 kila upande za Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, ndani yake hujengi, na wakapima kwa hatua zao wakajiona salama. Kumbe kwa kipande cha kutoka Kimara kwenda Kiluvya hifadhi ya barabara ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati, kwa sheria zilizokuwepo tangu enzi ya mkoloni. Zilianguka nyumba za kulala, vituo vya mafuta, makanisa na misikiti. Watu walikuwa na umeme ndani, maji ndani, na risiti za kodi ya majengo kabatini. Wapo waliotoa mabati wenyewe usiku ili angalau hayo yasikunjwe na greda. Baba alitoa milango ya chuma. Mpaka leo iko uani kwetu, imeegemea mwembe.

Barabara imejengwa, hilo nalo niliseme: kilomita 19.2 kutoka Kimara mpaka Kibaha, njia nane, na mimi ninayelalamika naipita kila siku kwenda kuonyesha viwanja. Wateja wanaipenda. Wanataka wakae wanaitazama.

Juzi nilikuwa na mmoja Kibamba. Amepata kiwanja kwa bei nzuri mno, kinachungulia lami, mwenyewe anakiita dili. Akanishangaa nilipotoa tepu begani wakati muuzaji ameshatuonyesha mipaka yote minne. Nikamwomba ashike ncha moja, asimame ukingoni mwa lami, mimi nikaivuta kuelekea ndani. Mita hamsini zilipoisha nikaweka jiwe, nikamwita asogee tuanze tena. Tepu ya pili ilipoisha, kiwanja tulikuwa tumeshakiacha nyuma.