Seva ya ofisi ndogo hapa Dodoma: watu wanavyodhani na ukweli ulivyo

Tangu serikali ihamie huku ofisi ndogo zimejaa kila kona, Area C, Area D, Ilazo, mpaka njia ya kwenda Mtumba, na nyingi ziko kwenye nyumba za kuishi zilizogeuzwa ofisi. Zinaanza na watu watatu na laptopu zao, mafaili yanazunguka kwa flashi na WhatsApp, wakifika kumi na kitu ndo mtu anasema jamani tuweke seva, yaani kompyuta moja ya kutunza mafaili ya ofisi nzima. Hapo ndo hela inaanza kupotea, kwa sababu ya haya yafuatayo.

DHANA: Nunua seva kubwa kwanza, mengine yatajipa.
UKWELI: Ofisi ya watu kumi mpaka ishirini, kazi zao ni Word, Excel na programu ya hesabu, haihitaji limashine la kutisha. Seva ndogo yenye RAM ya GB 16 au 32 na diski mbili inawatosha vizuri tu. Ila wengine nao wanakwenda upande wa pili, wanashea mafaili kwenye kompyuta ya mhasibu. Windows 10 na 11 za kawaida mwisho ni vifaa 20 kwa wakati mmoja, na mhasibu akizima akaenda kula ofisi nzima imekwama.

DHANA: Waya wa mtandao ni waya tu, chukua wa bei rahisi.
UKWELI: Hapa naomba tuelewane kabisa maana ndo wengi wanaumia. Kuna maboksi yameandikwa Cat6, daraja la waya wa mtandao lililo juu ya Cat5e, lakini ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Kabla hujalipa omba kipande, menya, kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe chini ya ule wekundu achana nao. Hata boksi lenyewe ukilinyanyua ni jepesi, aluminiamu ina uzito usiofika theluthi moja ya shaba. Waya huo unapitisha umeme kwa shida, kwahiyo kamera na vifaa vya waifai vinavyopata umeme kupitia humohumo vinazimika ovyo, na fundi akiukunja kwenye kona nyuzi zinakatika ndani kwa ndani. Kibaya zaidi mwanzoni unafanya kazi, matatizo yanakuja baadaye fundi kashaondoka, lawama anapewa mtu wa intaneti. Bora Cat5e ya shaba tupu, inabeba gigabiti 1 kwa sekunde mpaka mita 100 na ofisi ndogo haihitaji zaidi ya hapo. Na usipitishe bomba moja na nyaya za umeme. Kila meza iwekee soketi mbili kabisa, kutoboa ukuta mara ya pili ni gharama nyingine.

DHANA: Siku hizi waifai inatosha.
UKWELI: Kwa simu na wageni sawa. Seva, printa na kompyuta za mezani zipe waya. Masafa ya waifai ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na majirani wote wako humo. Wageni watenge mtandao wao, wasiione seva.

DHANA: Tuna UPS, umeme ukikata hatuna shida.
UKWELI: UPS ni boksi la betri linaloshikilia umeme ukikata, na ndogo inakupa dakika chache tu za kuzima kwa utaratibu. Iunganishe na seva kwa waya wa USB ili seva ijizime yenyewe usiku hakuna mtu. Swichi (kile kifaa kinachounganisha nyaya zote za mtandao) na rauta nazo ziwe humo. Betri zake huchoka ndani ya miaka 3 mpaka 5, zibadilishwe. Halafu vumbi letu la kiangazi mnalijua, seva isikae sakafuni karibu na mlango, wala kwenye stoo isiyo na hewa, joto la Oktoba na Novemba litaimaliza.

DHANA: Diski mbili zinanakiliana, kwahiyo bakapu (nakala ya akiba) tunayo.
UKWELI: Hamna. Zile zinakuokoa diski moja ikifa, basi. Mtu akifuta faili limefutika kote palepale, kirusi cha kufunga mafaili na kudai hela kinafunga zote mbili, mwizi anabeba zote mbili. Bakapu ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya ofisi kabisa. Kama unatunza taarifa za wateja hili halina hiari, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na inakudai uzilinde. Na bakapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu. Kila mwezi mpe mtu kazi moja, achague faili lolote la wiki iliyopita, alirudishe kutoka kwenye nakala ya nje, alifungue mbele ya bosi. Likigoma, siku hiyohiyo aitwe fundi.