Nambari bila isnadi: tulivyokubaliana kuandika asili ya takwimu zetu Lamu

Niliwahi kuwafuta akina mama 12 wajawazito kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Kazi yangu ni rekodi za afya. Kila mwezi muhtasari wa zahanati za visiwani na za bara hupita mikononi mwangu kabla ya kuingia kwenye mfumo wa taifa. Mwezi huo zahanati moja ya kisiwa cha Pate ilileta 41 kwenye mstari wa wajawazito waliofika kliniki kwa mara ya kwanza. Nilipoihesabu rejista, ukurasa baada ya ukurasa, nilipata 29. Muuguzi yuko likizo, simu yake haishiki, na siku ya mwisho ya kuingiza ripoti ndiyo hiyo. Nikaifuta ile 41 niliyokuwa nimeshaiingiza, nikaandika 29. Tena nikajiona mtu makini.

Aliporudi alinifuata ofisini. "Kaka, wale kumi na wawili wangu umewapeleka wapi?" Akafungua mkoba, akatoa daftari la shule ambalo jalada lake lilikuwa limekunjamana kwa maji ya chumvi. Kumbe walikwenda kwa boti hadi kijiji kisicho na kituo, wakawapima akina mama kwenye chumba cha madrasa. Rejista kubwa waliiacha zahanati wasije wakailowesha. Daftarini yalikuwemo yote: majina, umri, wiki za mimba, shinikizo la damu. 41 ilikuwa nambari ya kweli. Isnadi ndiyo iliyokosekana.

Neno hilo nalitumia makusudi. Watu wa Amu, yaani Lamu, hawahitaji kufundishwa kwa nini habari lazima ije na njia yake. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa, huambiwa mapema kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake peke yake. Huulizwa fulani kaisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani, hadi mwanzo wa mnyororo. Mnyororo huo ndio isnadi. Wataalamu wa data wanapozungumzia kufuatilia asili ya takwimu, swali lao ni hilohilo, ila mnyororo wao hupita kwenye rejista, karatasi ya muhtasari, kompyuta, na mtu kama mimi mwenye haraka ya tarehe ya mwisho.

Upande wa kompyuta, kazi kubwa ilishafanywa zamani. Tarehe 30 Aprili 2013, wiki chache tu baada ya sisi Wakenya kuwachagua magavana wetu wa kwanza, shirika la W3C linalosimamia viwango vya wavuti lilipitisha familia ya viwango vya kuandika asili ya data, iitwayo PROV. Moyo wake ni maneno matatu: kuna kitu, kuna tendo, kuna mhusika. Muhtasari wa mwezi ni kitu. Kuhesabu, kunakili na kusahihisha ni matendo. Mhusika aweza kuwa mtu, taasisi au hata programu. Ukishayaunganisha matatu hayo unaweza kusema: kitu hiki kimetokana na kile, kwa tendo hili, lililofanywa na huyu. Baadaye HL7, shirika la viwango vya data za afya, liliuchukua mtazamo huo na kuutengenezea mahali pake ndani ya FHIR, kiwango ambacho mifumo mingi ya hospitali duniani sasa inakitumia kubadilishana taarifa.

Hata mfumo tunaoutumia Kenya tangu 2011, uliojengwa juu ya DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyoanzia Chuo Kikuu cha Oslo, unaweka kumbukumbu. Fungua historia ya kisanduku kimoja na utaona ni nani aliingiza, lini, na nambari ya zamani ilikuwa ipi. Ukiitazama ile 29 yangu utakuta jina langu, tarehe, na kwamba kabla yake kulikuwa na 41. Lakini daftari lililolowa chumvi mfumo haulijui. Na ofisi ikiwa na watu wanne wanaoingia kwa nenosiri moja (nimeziona ofisi za namna hiyo, wala si mbali), hata jina lile halina maana.

Kwa hiyo kiwango kipo na programu ipo. Kilichokuwa hakipo kwetu ni makubaliano kati ya wale wanaoshika kalamu. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili.

Nilichora fomu yenye visanduku 14. Nikaipeleka kwenye mkutano wa wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na wazee wawili wa kamati za zahanati, nikaeleza kwa nusu saa, nikauliza kama kuna swali. Kimya. Nikafurahi. Siku hizo niliamini kwamba kimya ni ridhaa. Kumbe kimya hicho kilikuwa kinangoja kupanda boti: miezi miwili baadaye fomu zilirudi nyeupe, na moja ilikuwa imefungiwa mahamri.

Nilipojifunza jinsi HL7 wanavyopigia kura viwango vyao, kanuni moja ilinishika. Anayepiga kura ya hapana lazima aseme kwa nini, na wenye kiwango hawawezi kuipita hapana hiyo kwa wingi wa kura tu, wanatakiwa waijibu. Mkutano wa pili niliuanza hivyo. Sikuomba mtu akubali. Nilimwomba kila mmoja alete hapana yake na sababu yake, nami nikaziandika ubaoni.

Hapana ya kwanza ilikuwa ya muda. Muuguzi aliye peke yake zahanati, na foleni ya watoto wa chanjo mlangoni, hajazi visanduku 14. Hiyo haikuwa na mjadala, tukaanza kufuta.

Ya pili ilinishangaza: saa. Mhudumu mmoja aliuliza, "Ukiniambia niandike saa, nandika saa ipi?" Daftarini kwake saa tatu ni saa tatu asubuhi. Simu aliyopewa inasema 9:00. Muuguzi aliyetoka bara akisoma "saa 3" anaingiza 3:00, na mtoto aliyezaliwa jua limepanda anakuwa kazaliwa alfajiri. Siku nayo ina shida yake. Kwetu siku inaanza magharibi. Bibi akikuambia mjukuu kazaliwa usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Kwa chanjo ya kwanza ya mtoto au hesabu ya vifo vya watoto wachanga, siku moja si kitu kidogo. Nakiri kwamba miaka yote hiyo nilisahihisha tarehe "zisizolingana" bila kujiuliza chanzo ni nini.

Tukaafikiana: saa kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24, na tarehe ya kalenda, ila maneno ya msimuliaji yaandikwe pembeni kama alivyoyatamka. Na nyakati ziwe mbili, wakati jambo lilipotokea na wakati lilipoandikwa. FHIR nayo inazitenganisha hizo mbili, na mtu yeyote wa visiwani anaelewa kwa nini. Mhudumu anaandika Jumatatu, mtandao anaupata Alhamisi akifika gatini, na ikiwa maji yamekupwa na boti imekwama kwenye mkondo wa Mkanda, hata Alhamisi ni bahati.

Hapana ya tatu ndiyo iliyokula siku nzima, nayo ilikuwa juu ya jina. "Mkitaka jina langu kwenye kila sahihisho," muuguzi mmoja alisema, "nitaacha kusahihisha." Wengi waliitikia kwa vichwa. Hapo mfano wangu wa isnadi ulinigeukia, maana wanazuoni wa hadithi hawakuishia kuorodhesha wapokezi. Waliwapima pia, huyu mkweli, huyu msahaulifu, huyu asikubaliwe. Wauguzi waliisikia hatari hiyo kabla yangu. Waliona daftari la asili linageuka daftari la kumtafuta mchawi, na mtumishi anayeogopa huacha kosa lilale palipo.

Upande wa pili mzee wa kamati alisema neno la haki: bila jina utamuuliza nani? Mimi mwenyewe nilikosa mtu wa kumuuliza siku ile nilipoandika 29.

Tulichofikia si kizuri kwenye karatasi, lakini kinatumika. Jina hubaki kwenye daftari la zahanati. Kinachopanda ngazi ya juu ni cheo, kituo, na daftari na ukurasa wa kurejelea. Mwenye swali atapiga simu zahanati. Na sahihisho halifuti: nambari ya zamani inapigwa mstari mmoja isomeke, mpya inaandikwa juu yake, na sababu kwa maneno machache. "Kliniki ya kijijini, daftari la buluu, uk. 7" ingetosha kuwaokoa akina mama wangu.

Kuna jambo sikuacha lipigiwe kura. Asili ya takwimu isiwe njia ya kumfikia mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, lakini hata bila sheria, kijiji chenye wajawazito wanne hakifichi kitu. Ukiandika jina la kijiji, wiki na kipimo, umeshamtaja mtu. Kwa hiyo kijiji nacho hakipandi juu.

Visanduku 14 vikawa vitano: chanzo na ukurasa, cheo cha mwandishi, wakati wa tukio, wakati wa kuandika, sababu ya badiliko. Tulivijaribu kwenye zahanati chache kwanza, kisha tukakaa tena, maana kisanduku cha chanzo kilikuwa kimezua suala ambalo hakuna aliyelifikiria. Mkunga wa jadi haandiki. Watoto aliowapokea nyumbani amewaweka kichwani, pamoja na usiku, upepo na maji ya siku hiyo. Chanzo hicho tukiandikeje? Mhudumu mmoja kijana alitaka kisihesabiwe. Wazee wakamcheka: hizo hadithi unazozisoma, mwanzo zilikuwa wapi kama si vifuani mwa watu? Tukaongeza neno "kwa kusimuliwa", na cheo cha msimuliaji.

Mkunga alikuwepo siku hiyo, kaketi karibu na mlango, buibui limekunjwa magotini. Tulipomsomea, akauliza kama jina lake limo. Nikamweleza kwa upole kwamba tumeamua majina yasipande, tunaandika cheo tu, kwa usalama wa kila mmoja.

"Mwanangu," akasema, "hao wengine wafite maina yao. Langu andika. Wana wote wa mtaani wayua ni nani alowapokea."

Nikaliandika, kwenye daftari la zahanati, ukurasa wa kwanza.